Mama wa Kwenye Karatasi

Shangazi alisimama mbele yetu, chaki mkononi, akatuambia kwamba mwandishi wa ukurasa ule amekufa. Alisema kwa sauti ile ile aliyoitumia kila asubuhi kuniambia kwamba chai iko tayari. Tulikuwa wanafunzi wanane na profesa mmoja, na kati ya wote hao ni mimi peke yangu niliyejua kwamba mwandishi ndiye aliyekuwa akizungumza.

Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Tulimwita hivyo kwa sababu alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na sisi wengine bado tulikuwa tunatoka chunusi. Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka kumi na saba kabla ya kuja kusoma shahada ya fasihi. Siku ya kwanza, Komredi, kijana aliyeweza kumwona mnyonyaji hata ndani ya wimbo wa kubembeleza mtoto, alimuuliza kama amepotea njia, au amekuja kumtafuta mwanawe.

"Nimekuja kumtafuta mwalimu wako," alimjibu, "nimuulize adabu alikufundisha siku gani, maana naona hukuwepo."

Darasa zima tukavunjika mbavu. Komredi mwenyewe alicheka mpaka akashika meza. Kuanzia hapo akawa Shangazi.

Mimi nilikaa naye chumba kimoja bwenini, vitanda viwili vya chuma na dirisha moja lililogoma kufungwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na nilikuwa nimezoea kuwa wa kwanza. Nyumbani, shuleni, kila nilikopita, waliniita Kichwa. Shangazi aliniita mwanangu. Alinipigia pasi nguo zangu pamoja na zake bila kuulizwa, na akiona nimekesha na vitabu alinifunika mabega kwa shuka lake asubuhi, akatoka kwa ncha za vidole. Nilipokea yote hayo kama mtu anavyopokea mvua. Sikuwahi kujiuliza inatoka wapi.

Profesa wetu wa uhakiki tulimwita Mkasi. Insha zetu zilirudi kutoka kwake zimekatwa, zimetobolewa, pengine imebaki sentensi moja aliyoizungushia duara kama ndiyo pekee iliyonusurika ajali. Alikuwa mtu mwembamba, msafi, mwenye kikohozi kidogo cha kiungwana, na alipenda kusema kwamba matini na maiti ni mtu na ndugu yake. "Zote mbili unazilaza mezani, unazipasua, unatazama. Mwenye huruma aende akasomee uuguzi."

Alitufundisha nadharia moja baada ya nyingine kama mganga anavyomwonyesha mwanafunzi wake chupa zake. Kulikuwa na wale wanaotazama umbo tu, jinsi maneno yanavyopangwa na kurudiana, kana kwamba hadithi ni kikapu na kazi yako ni kusoma ususi. Kulikuwa na wale wanaouliza nani anamiliki na nani anatoka jasho. Kulikuwa na wale wanaouliza mwanamke amewekwa wapi na nani kamweka. Kulikuwa na wachimbaji wa nafsi, wanaoamini kwamba tunachokisema ni kifuniko cha kile tunachokitaka. Na mwisho kulikuwa na wale aliowapenda kuliko wote, wanaosema mwandishi akishaweka kalamu chini ni marehemu, hana tena kauli juu ya alichokiandika, na anayebaki hai ni msomaji.

Mimi niliyameza yote. Shangazi aliyatafuna polepole, akatema mengine. Katikati ya mwaka, Mkasi alirudisha insha, akaiinua moja juu. "Hii nimeisoma mara mbili," alisema. "Sikumbuki lini mara ya mwisho nilisoma kitu cha mwanafunzi mara mbili." Niliinua mkono nusu kuipokea. Ilikuwa ya Shangazi.

Wiki iyo hiyo likabandikwa tangazo kwamba idara itamchukua mmoja wetu kuwa mhadhiri msaidizi mwaka ukiisha. Mmoja tu.

Husuda haipigi hodi. Unaikuta tu imekaa sebuleni, imekunja nne, nawe unaanza kuihudumia. Nilianza kuhesabu maneno ambayo Mkasi alimwandikia Shangazi pembeni mwa kazi zake. Nilianza kuona kwamba anatafuna kwa sauti. Akiniita mwanangu, nilisikia kama ananishusha.

Halafu nikaugua. Homa ilinikamata siku nne, na Shangazi hakwenda darasani hata mara moja. Alinipangusa kwa kitambaa cha maji, akanibeba mpaka chooni, akanilazimisha kumeza dawa huku akinishika kidevu. Nakumbuka kwamba kila nilipofumbua macho alikuwa amekaa wima kwenye kiti, hakuegemea, ananitazama kifua kama anayehesabu pumzi. Nilimwambia alale. Alitikisa kichwa.

Siku ya tano nikaamka mwepesi, nina njaa. Alilia. Mwanamke aliyekuwa na jibu kwa kila mtu alikaa ukingoni mwa kitanda changu akalia kwa kwikwi, kisha akatoa daftari chini ya godoro lake, akalifungua mahali fulani, akanipa.

"Sijawahi kumpa mtu," alisema. "Soma, ndiyo utajua kwa nini nilikusumbua na vitambaa vyangu vya maji."

Ulikuwa ukurasa mmoja tu. Najua kila neno lake, na sehemu yake ilisema hivi:

*Homa ilipanda tangu asubuhi. Nilimwogesha mara mbili kwa maji ya uvuguvugu. Zahanati walinipa dawa wakaniambia nisubiri, nikasubiri. Nilikuwa sijalala siku tatu. Saa tisa alasiri mtoto alitulia, akaweka mkono wake shingoni kwangu, na mimi nikalala. Nililala kama mtu aliyepewa ruhusa. Nilipoamka, jua lilikuwa limefika miguuni mwa kitanda. Mkono ulikuwa bado uko shingoni, lakini haukuwa unashika tena.*

Nilisoma, nikafunga daftari. Nilimkumbatia, na ningependa kusema kwamba nililia naye. Kweli nililia. Lakini wakati huo huo, ndani kabisa, sauti kavu iliniambia: ni mzuri. Kichwa, hata ukiishi miaka mia, hutaandika sentensi kama hiyo ya mwisho.

Kila mwaka Mkasi alikuwa na zoezi la kufungia somo. Alileta matini fupi isiyo na jina la mwandishi, akaigawa, akampa kila mmoja nadharia moja, akawapa wanafunzi nusu saa ya kujiandaa. Mwaka ule alituomba tumsaidie kutafuta matini. "Kitu kipya," alisema. "Kitu ambacho hakuna mhakiki aliyekwisha kukipaka mate."

Shangazi alipokwenda kufua, nilichukua daftari. Nilikwenda nalo chumba cha kompyuta nikaupiga chapa ukurasa wote. Sikutetemeka. Kuna mahali alikuwa amesahau mkato, nikamwekea. Nililirudisha daftari chini ya godoro, likiwa limeelekea upande ule ule, na kesho yake nikampa Mkasi karatasi.

"Umeipata wapi?"

"Nimeiokota maktabani, Profesa. Ilikuwa ndani ya kitabu."

Nimejiambia mambo mengi kuhusu siku ile. Nimewahi kujiambia kwamba nilitaka wamsifu bila yeye kujua, iwe zawadi. Ni uongo. Nilitaka aone ukurasa wake umelazwa mezani, ashindwe kusema, na Mkasi amwone akishindwa. Hicho tu.

Karatasi ziligawiwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Shangazi alipokea yake, akasoma mstari wa kwanza. Akaigeuza nyuma, kama mtu anayetafuta jina la mwenye mali. Akaigeuza tena, akailinganisha na ukingo wa meza kwa vidole viwili mpaka ikanyooka sawasawa. Kisha akanitazama. Mara moja, si kwa muda mrefu. Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa kama uso wa mtu anayejaribu kukumbuka ameacha wapi funguo.

Mkasi akagawa nadharia. Komredi alipewa matabaka. Binti mmoja mpole, aliyependa kuhesabu mizani hata kwenye salamu, alipewa umbo. Mimi nilipewa nafsi. "Na wewe, Shangazi," alisema akitabasamu, maana hata yeye alimwita hivyo, "nakupa ile ya mwisho. Mwandishi amekufa. Tuonyeshe."

"Profesa, naomba ruhusa ninawe uso," alisema Shangazi.

Akatoka. Nilitazama mlango nikiomba asirudi. Dakika tano baadaye alirudi, nywele za pembeni zimelowa, akakaa, akachukua kalamu.

Binti wa mizani alianza. Alituonyesha kwamba kitenzi *kusubiri* kinafuatana na kitenzi *kulala* kama hatua mbili za ngazi, na kwamba mkono unaotajwa mara mbili ni bawaba ambayo matini yote inazungukia. Alisema mtoto, kwa kuangalia umbo, ni kifaa cha kuunganisha mishororo. Mkasi aliitikia kwa kichwa. Komredi akasimama akaishtaki zahanati, akasema kifo hiki ni cha tabaka na mama hana hatia, lakini pia hana maana, kwa sababu mtu mmoja mmoja hana maana katika historia. Mwingine alisema mama amekubali nafasi aliyopangiwa, haoni minyororo yake, na kwamba kusubiri kwake ni utii. Shangazi aliandika kila kitu. Nilisikia kalamu yake.

Zamu yangu ikafika.

Nilikuwa na nafasi ya kusema jambo dogo, la kawaida, nikakaa. Hakuna aliyenisukuma. Lakini niliposimama niliona Mkasi ameegemea mbele, na ulimi ukapata njia.

"Wenzangu wote wamepita juu ya neno moja," nilisema. "Ruhusa. Mama anasema alilala kama mtu aliyepewa ruhusa. Anayelala kwa sababu ya uchovu haombi ruhusa. Ruhusa inaombwa na anayetaka jambo lililokatazwa. Sasa tumuulize mama huyu, siku ile saa tisa alasiri, alitaka nini?"

Niliacha swali lile lining'inie kidogo, kama nilivyokuwa nimemwona Mkasi akifanya.

"Hakumpoteza mtoto. Alimwachilia. Sehemu yake moja ilikuwa imechoka kuwa mama, na usingizi ndio uliomfanyia kazi ambayo mikono yake isingethubutu. Ukurasa huu si maombolezo. Ni mtu anayekiri, na anapamba maneno ili tusisikie."

Mtu mmoja alipiga makofi, akaacha. Komredi alisema kwa sauti ya chini, "Hatari." Mkasi alipigia mstari kitu kwenye karatasi yake. Nilikaa, na nilikuwa na furaha. Siwezi kuificha. Niliona furaha ya mtu aliyerusha jiwe likafika.

Ndipo Shangazi alipokwenda mbele, akachukua chaki ambayo hakuihitaji.

"Mwandishi wa ukurasa huu amekufa," alisema. "Hatuwezi kumuuliza kitu, na hata tukimuuliza, nadharia niliyopewa inasema jibu lake halina uzito kuliko la mpita njia. Basi tumwache. Mwenzangu ameuliza mama alitaka nini. Swali zuri. Lakini kwenye karatasi hakuna mama. Kuna neno mama. Hakuna mtoto, kuna neno mtoto. Neno halipandi homa. Ukiliweka shingoni halina uzito wowote."

Chaki ilikatika. Aliangalia vile vipande viwili, akaviweka kimoja kimoja kwenye ukingo wa ubao.

"Na msomaji?" aliuliza Mkasi, karibu kwa kunong'ona.

"Msomaji ndiye mtu pekee aliye hai humu ndani, Profesa. Karatasi haikusema kwamba mama alimwachilia mtoto. Kwa hiyo lile neno limetoka kwa aliye hai. Yote tuliyoyasikia leo tusiyatafute kwenye karatasi. Tuyatafute kwa waliosoma."

Hakunitazama. Alirudi kwenye kiti chake, akakunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni. Mkasi akasema maneno ambayo hakuwahi kumwambia mwanafunzi: "Huo ndio uhakiki."

Niliporudi chumbani jioni, kitanda chake kilikuwa kimevuliwa shuka. Nguo zangu zilikuwa zimekunjwa juu ya mto wangu, zimepigwa pasi. Hakuacha barua. Msimamizi wa bweni alisema mama yule amerudisha ufunguo, ameaga vizuri, amesema anarudi kufundisha watoto.

Wiki mbili baadaye Mkasi aliniita ofisini kwake. "Nafasi ilikuwa ya mwenzako," alisema bila kuinua macho. "Ameiacha. Wewe ni wa pili." Alisaini fomu, akaipulizia wino ukauke. "Ule ukurasa. Ulisema uliuokota maktabani."

"Ndiyo, Profesa."

"Maktaba yetu ina bahati." Alinipa fomu. Akakohoa kile kikohozi chake. "Ukitoka funga mlango, upepo unaingia."

Alijua. Akasaini. Nami nilitembea koridoni nimeshika fomu kifuani, na kitu kilichonikera zaidi ni lile neno *wa pili*.

Nikawa mhadhiri. Nilikuwa mzuri, waliniogopa, na mimi nilichukulia woga kuwa heshima. Na kila mwaka, zoezi la kufungia somo lilipofika, niligawa ukurasa ule. Mwanzoni nilijiambia hakuna matini nyingine fupi inayofaa. Baadaye sikujiambia kitu. Nilikuwa na rundo la nakala kabatini. Vijana walimkuta mama yule ndani ya kila nadharia waliyopewa, wakamhukumu kwa namna ambazo hata mimi sikuwa nimezifikiria, nami nikawapa alama.

Mwaka wa kumi na nne nilikuwa na mwanafunzi mmoja mkimya wa safu ya nyuma. Alikuwa na mtoto mchanga, wakati mwingine alikuja darasani na kanga yenye doa la maziwa begani. Nilimpa nafsi. Alisimama, akaitazama karatasi muda mrefu.

"Mwalimu, mimi naona alichoka tu," alisema. "Ameandika mwenyewe kwamba hajalala siku tatu."

Wenzake wakacheka. Nilimwandikia: *Hakuna nadharia. Rudia.* Kisha nikaenda chooni, nikafungua bomba, nikasimama pale mpaka mtu akagonga mlango. Sentensi ile ilikuwa pale miaka yote. Niliipiga chapa kwa mikono yangu. Mimi, Kichwa, niliisoma mara mia na sikuwahi kuisoma hata mara moja.

Haikunichukua siku nyingi kumpata. Walimu wa shule za msingi wanajuana. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja pembeni mwa mji, majengo manne yaliyopakwa chokaa na uwanja wa vumbi. Nilimkuta chini ya kibaraza cha ofisi, anapanga madaftari. Nywele zilikuwa nyeupe. Aliniangalia, akanitambua papo hapo.

"Karibu," alisema. "Keti."

Hakuniita mwanangu. Nilibaki nimesimama. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, yakatoka yote kwa mpigo: husuda, daftari, kompyuta, uongo wa maktaba. Nikamwomba msamaha. Alisikiliza huku akiendelea kupanga madaftari, ya darasa la tatu upande huu, ya darasa la nne upande ule.

"Nina swali moja," alisema nilipomaliza. "Ulichosema siku ile kuhusu yule mama. Ulikiamini?"

"Hapana, Shangazi. Wallahi hapana. Nilitaka tu kushinda."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu.

"Mimi nilikiamini," alisema.

Upepo ulifunua jalada la daftari moja, akaliweka sawa.

"Nilikijibu pale kwa akili, kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele za watu. Lakini nilipofika nyumbani nilianza kujiuliza lile neno nililitoa wapi. Ruhusa. Nani alinipa? Nilimuuliza na mume wangu, baba wa mtoto. Kuanzia siku hiyo hakunitazama tena vile vile, na baada ya mwaka akaondoka. Simlaumu. Hata mimi nilishindwa kujitazama."

Nilitafuta kitu cha kumpa. Mtu akiwa anazama mbele yako unamrushia chochote kilicho mkononi. "Haikuwa kweli," nilisema haraka. "Ulichoka tu. Ulikuwa hujalala siku tatu, umeandika mwenyewe. Juzi kuna mwanafunzi wangu alisema hivyo hivyo. Alisoma akasema, huyu alichoka tu."

Mikono yake ikasimama juu ya madaftari.

"Mwanafunzi wako," alisema.

Ndipo niliposikia nilichosema.

"Bado unawagawia?"

Alisubiri jibu kwa uvumilivu, kama anavyosubiriwa mtoto asiyejua hesabu yake, na nilipozidi kunyamaza alinihurumia, akaacha kusubiri.

"Miaka yote hiyo," alisema. "Na hakuna hata mmoja aliyeuliza jina la mtoto."

"Aliitwa nani?"

"Hilo hulipati."

Kengele ilipigwa. Watoto walimwagika uwanjani kwa kelele, na yeye akanyanyuka, akakumbatia madaftari ya darasa la tatu kifuani. Aliniangalia viatu, kisha lango.

"Ukitoka, pinda kushoto," alisema. "Njia ya kulia ina matope."

Nilitoka, nikapinda kushoto. Barabara ilikuwa kavu, kama alivyosema.